Blanketi la Sauna: Teknolojia Mpya au Mambo ya Kale?

Ukisomea kompyuta hapa Kisumu, watu watakuuliza kuhusu kila kitu chenye waya. Sasa ni zamu ya blanketi la sauna la infraredi: unajifunga ndani, unaliwasha, unatoka jasho ukiwa umelala. Lipi zuri? Kabla ya kutoa pesa, tupitie historia yake. Itakusaidia kuchagua.

Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, akiwa Uingereza, alitawanya mwanga wa jua kwa prizimu ya kioo, akaweka vipimajoto kwenye rangi zake. Joto lilizidi kupanda nje ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho halioni kitu. Hiyo ndiyo infraredi. Kila kitu chenye joto huitoa. Vile vipimajoto tulivyoelekezewa kwenye paji la uso mwaka 2020 tukiingia madukani vilisoma infraredi ya miili yetu wenyewe.

Mwaka 1891 daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Marekani, alitengeneza kabati lenye balbu nyingi. Mtu anakaa ndani, anatoka jasho. Blanketi la leo ni mjukuu wa kabati hilo. Nasi tulikuwa na letu bila umeme: sufuria ya maji ya moto, majani ya mwarobaini, unajifunika gubigubi. Kujifukiza!

Matangazo husema infraredi hupenya hadi ndani kabisa ya mwili. Tupige hesabu. Kanuni ya Wien ya mwaka 1893: gawa 2898 kwa joto la kitu katika kelvini. Blanketi la nyuzi 60 ni kelvini 333, jibu ni kama maikromita 8.7. Miali ya urefu huo huishia kwenye ngozi, haimalizi hata milimita moja. Kinachobaki ni joto, kama lile la sufuria. Na sumu za mwili? Hiyo ni kazi ya ini na figo. Jasho hupoza mwili.

Kwa hiyo chagua kama unavyochagua pasi. Kwanza, soma kibandiko cha volti. Kenya tunatumia 240. Ukitumiwa na ndugu blanketi la Marekani la volti 120, ukalichomeka kwa adapta tu, volti zinakuwa mara mbili na nguvu mara nne: wati 500 zinageuka 2000, nawe umo ndani! Pili, liwe na kidhibiti joto na saa ya kujizima. Tatu, ndani pawe pa kufutika kwa urahisi.

La mwisho ndilo zito. Ufuo wetu una malaria nyingi. Mwaka 2019 Kenya ilizindua chanjo yake Homa Bay. Wazee walijifukiza wakiwa na homa kwa sababu hawakuwa na vipimo. Leo vipo. Mwenye homa asiingie kwenye blanketi, aende akapimwe damu. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza.

Mwenye swali, karibu.