Gobore la babu

Nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Makurunge. Mihogo imekomaa na nguruwe pori nao wanajua, kwa hiyo babu anakesha shambani na debe na tochi. Zamani alikuwa na gobore. Alilisalimisha polisi kwa sababu hakuwa na kibali.

Sasa narudi chuo, semina ya historia, tunajadili Marekani na marekebisho ya pili ya katiba yao, yale ya 1791 kuhusu raia kuwa na silaha. Jamaa mmoja akasimama: "Wenzetu wana utamaduni wa bunduki, sisi Waafrika ni mkuki na upinde." Watu wakapiga meza. Mimi nikalikumbuka lile gobore.

Jamani, na Bagamoyo hii hii! Majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kupakia risasi kwa nyuma, yale makuukuu ya kushindilia baruti mdomoni yaliuzwa, mengi yakaishia Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale, Euan-Smith, alikadiria bunduki 80,000 hadi 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mnyamwezi aliyeshuka pwani na pembe za ndovu alirudi bara na nguo, shanga na gobore begani. La kuwindia, la kujilinda njiani na, tusidanganyane, la kukamatia watumwa pia. Mirambo na rugaruga wake walijenga dola nayo. Kibali cha Mjerumani kilikuwa hakijazaliwa.

Halafu 1888 Abushiri akasimama Pangani, na jirani yetu Bwana Heri kule Saadani. Desemba mwaka huo Wajerumani na Waingereza wakaziba pwani kwa manowari: watumwa wasitoke, silaha zisiingie. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Mwaka uliofuata mataifa yakakubaliana Brussels kwamba bunduki za kisasa zisiuzwe Afrika, na magobore yawe chini ya uangalizi. Ndiyo maana 1905 Maji Maji walikwenda na magobore, mikuki na dawa ya maji, mbele ya bombomu.

Kwa hiyo jamaa yangu alikosea. Bunduki tulikuwa nazo. Ila wale wa Marekani walimshinda mfalme wakaandika katiba wenyewe. Wa kwetu walishindwa, aliyeandika akawa Mjerumani, na alichoandika ni kibali. Uhuru ukaja 1961, kibali kikabaki. Sheria ya leo ni ya 2015.

Msinielewe vibaya. Mimi nasomea ualimu. Uvalde, Texas, mwaka 2022 waliuawa watoto 19 na walimu 2 shuleni, mchana kweupe. Siutaki utamaduni huo, hata bure. Niliposema hayo semina, yule jamaa akaniuliza: basi babu yako afanyeje? Nikakosa jibu, nikakaa.

Jana usiku babu kapiga simu. Wamemaliza mstari mzima, ule wa karibu na mwembe.