Waliofukuzwa Uganda na Hadithi ya Mafanikio Isiyotaja Kiwanda

Ipo hadithi inayopendwa sana vijiweni, na hata katika kumbi zetu za mihadhara. Mwaka 1972, husema msimuliaji, Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda. Wakatua Uingereza na sanduku moja moja mkononi. Na kwa kuwa biashara imo damuni mwao, haikupita miaka mingi wakawa matajiri. Kisha msimuliaji hutugeukia: mbona sisi Waafrika tukienda ughaibuni tunaishia kuosha vyombo na kulinda maghala? Hadithi hii ni fupi na tamu, na kwa maoni yangu inapotosha. Ndani yake hamna sheria ya uhamiaji, wala zamu ya usiku, wala mgomo. Kijana anayefunga safari leo akiamini simulizi hii huenda akajilaumu kwa mambo ambayo hayakuwahi kuwa mikononi mwake.

Tuanze na sheria, kwa kuwa mhamiaji hukutana nayo kabla ya kukutana na mwajiri. Kenya ilipojitawala mwaka 1963, wakazi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza wakiziona kuwa bima. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwabana wasio raia, na watu wakaanza kupanda ndege kwenda London. Serikali ya Harold Wilson ikaingiwa na hofu. Muswada ulipitishwa Bungeni kwa siku chache mno, ukawa sheria Machi 1, 1968. Tangu hapo pasipoti ya Uingereza peke yake haikumtosha mtu wa Nairobi au Kisumu. Alitakiwa awe na mzazi, babu au bibi mwenye mizizi ndani ya Uingereza kwenyewe. Wasiokuwa nao waliwekewa vocha, 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia, na foleni ikaendelea kurefuka. Neno rangi halikuandikwa katika sheria ile, wala hapakuwa na haja ya kuliandika. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba ubaguzi huo ulifikia kiwango cha kudhalilisha utu.

Kwa hiyo Amin alipotangaza, Agosti 4, 1972, kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda ndani ya siku 90, alikuwa akiwasukuma watu kuelekea mlango ambao tayari ulikuwa umefungwa nusu. Serikali ya Edward Heath ilijaribu kwanza kutafuta nchi nyingine za kugawana mzigo, na Kanada ilichukua maelfu. Hata hivyo, Heath alikubali mwishowe kwamba dhamana ilikuwa yake, jambo ambalo lilimgharimu ndani ya chama chake mwenyewe. Watu takribani 28,000 waliingia Uingereza. Ndege ya kwanza ilitua Stansted, Septemba 18, na waliokosa ndugu wa kuwapokea walipelekwa katika kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi: Stradishall huko Suffolk, Tonfanau katika pwani ya Wales yenye upepo mkali. Mali zao zilibaki Kampala, Jinja na Mbale.

Serikali iliunda Bodi ya kuwapatia makazi. Bodi hiyo iliigawa nchi katika maeneo mekundu, yaliyohesabiwa kuwa yamejaa, na maeneo ya kijani ambako wageni walihimizwa kwenda. Leicester ulikuwa mji mwekundu. Halmashauri yake haikuridhika na rangi ya ramani. Septemba 15, 1972 ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus na kuchapisha tangazo: kwa faida yenu na ya familia zenu, msije Leicester, nyumba hazitoshi, shule zimejaa, huduma zimeelemewa. Inasimuliwa hadi leo kwamba baadhi ya watu waliusikia mji huo kwa mara ya kwanza kupitia tangazo lile lile lililowakataza kuja. Liwe kweli au chumvi tu, maelfu walikwenda Leicester.

Walikwenda kwa sababu mbili ambazo Bodi ingeweza kuziona kama ingeuliza. Kwanza, ndugu waliotangulia kutoka Kenya na kwingineko walikuwa na chumba cha kuwagawia. (Tusijisahau: utaifishaji wa majumba wa mwaka 1971 hapa Tanzania nao uliwaondoa wengi.) Pili, kulikuwa na kazi. Leicester uliishi kwa viwanda vya kufuma soksi na sweta, viwanda vya viatu, na viwanda vya mashine. Wenyeji walikuwa wakizikimbia zamu za usiku na kazi za ujira mdogo, na waajiri walikuwa wakitafuta mikono. Pengo hilo ndilo lililompangia mgeni kazi yake ya kwanza. Aliyekuwa na duka la vitambaa alikwenda kusimama mbele ya mashine, na karani mwenye vyeti aliambiwa kwamba vyeti hivyo havitambuliki. Wanawake ambao Uganda walikuwa na yaya na mpishi, wote wawili Waafrika, sasa waliamka alfajiri kuwahi basi la kiwandani. Sina nia ya kumcheka mtu hapa. Ngazi ya rangi iliyojengwa na wakoloni Afrika Mashariki iliwaweka Waasia katikati. Huko Uingereza ngazi ilikuwa ile ile, ila wao walikuwa wameshushwa chini kabisa.

Oktoba 1972, ndege za kutoka Entebbe zikiwa bado zinatua, wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha Mansfield Hosiery Mills mjini Loughborough, jirani na Leicester, waligoma. Madai yao hayakuishia kwenye mshahara. Kazi ya ufumaji, yenye malipo mazuri, ilikuwa ya Wazungu. Wao waliachiwa kazi za chini zinazoulisha mtambo, na njia ya kupanda ilikuwa imezibwa. Chama cha wafanyakazi, ambacho walikilipia ada sawa na wenzao, kilivuta miguu.

Mambo hayo yalijirudia mwaka 1974 katika kiwanda cha taipureta cha Imperial, Leicester, kilichomilikiwa na kampuni ya Kimarekani. Wafanyakazi wake wengi walikuwa Waasia waliotoka Afrika Mashariki. Walidai kwamba bonasi ilipaswa kuhesabiwa kuanzia taipureta 168 kwa siku, ilhali wao walikuwa wakihesabiwa kuanzia 200. Mei Mosi watu 39 walitoka nje, na baadaye mamia wakawafuata. Kiongozi wa chama chao mjini alikataa kuwaunga mkono kwa hoja kwamba hawakufuata taratibu. Ukiwa umekaa ofisini, taratibu ni jambo zuri sana. Mgomo ulidumu karibu wiki 14. Mwaka uliofuata kampuni ilikifunga kiwanda, na wote, Waasia kwa Wazungu, wakakosa kazi.

Kisha ukaja mgomo wa Grunwick, ambao kila mwanafunzi wangu wa historia ya kazi naye hukutana. Jayaben Desai alizaliwa Gujarat, akaishi Tanganyika baada ya kuolewa, kisha akahamia Uingereza. Agosti 1976, katika joto kali, aliondoka katika kiwanda cha kusafisha picha huko Willesden, kaskazini-magharibi mwa London, akichoshwa na saa za ziada za lazima na fedheha ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Mara hii mambo yalikuwa tofauti. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kushughulikia barua za kampuni hiyo. Wachimba makaa ya mawe walisafiri kutoka Yorkshire, na katika majira ya joto ya mwaka 1977 maelfu ya watu walijaa barabara ile nyembamba kuwaunga mkono wanawake waliovaa sari. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Scarman ilipendekeza warudishwe kazini. Mwajiri alikataa, Mahakama ya Lords ikampa ushindi kuhusu suala la kukitambua chama, na Julai 1978 mgomo ukaisha bila hata mmoja wao kurudishwa kazini.

Maduka je? Maduka yalikuja, na sitayabeza. Waliofukuzwa Uganda walikuwa wakijua Kiingereza, wengi walikuwa wamesoma, na walijua hesabu za mkopo na faida. Hayo ni mtaji, na wapo wahamiaji waliofika bila hata hayo. Lakini tuangalie mpangilio wa matukio. Fedha za kuanzia zilitokana na mishahara mitatu au minne ya kiwandani iliyowekwa pamoja chini ya paa moja, ya baba, ya mama na ya watoto wakubwa. Viwanda vya Leicester vilipoanza kufungwa, kwa watu wengi duka la kona lililofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane lilikuwa kimbilio la asiye na ajira, na lilidumu kwa sababu watoto walikaa kaunta bila ujira. Leo Barabara ya Belgrave ina maduka ya vito na sari, na katika migahawa yao utaagiza “mogo”, ambao si kitu kingine ila muhogo wetu uliokaangwa. Watalii hupiga picha madirishani hapo. Taipureta zimesahaulika.

Na hadithi ile ya damu imepata matumizi mengine. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tangu Oktoba 2022 hadi Julai 2024, ni mtoto wa baba aliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel waliondoka Uganda katika miaka ya 1960, kabla ya Amin. Ni Patel, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyetia saini mjini Kigali, Aprili 2022, makubaliano ya kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi waliofika Uingereza kwa njia zisizoidhinishwa, mpango ambao Mahakama ya Juu iliuona kuwa kinyume cha sheria Novemba 2023, na ambao Sunak aliung'ang'ania hadi alipoondoka madarakani. Wanasiasa hawa hupenda kuwataja wazazi wao kama mfano wa juhudi. Mwaka 2020 Patel aliulizwa redioni iwapo wazazi wake mwenyewe wangeruhusiwa kuingia Uingereza chini ya masharti mapya ya uhamiaji aliyokuwa akiyatangaza. Alikiri kwamba huenda wasingeruhusiwa.