Jina la Maradhi ya Mzazi: Kutoka Wazimu Hadi Sonona

Makala haya yanahusu jina la maradhi yanayompata mama baada ya kujifungua, ambayo siku hizi wataalamu wetu huyaita sonona. Tumechagua kuyatazama kutoka Kilakala, kata ya mji wa Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru, kwa sababu mbili. Kwanza, Waluguru hufuata ukoo wa mama, hivyo mama akiugua ukoo mzima huguswa. Pili, Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, ni mkoa uliochaguliwa katika miaka ya 1980 kujaribia mpango wa taifa wa afya ya akili, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark. Mpango ule ulitaka mgonjwa wa akili atambuliwe na kutibiwa katika zahanati iliyo karibu naye. Lakini mganga atatambuaje jambo asilokuwa na maneno ya kuliulizia?

Hapo kale matibabu ya akili yalikuwa safari ya mbali: ama Lutindi katika milima ya Usambara, ama Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1927. Jina la Mirembe likawa katika vinywa vya watu badala ya neno wazimu lenyewe. Neno hilo lilimhusu mtu anayepiga kelele na kuvua nguo. Halikumhusu mama anayeteka maji na kupika kama kawaida, lakini hapati usingizi hata mtoto akilala, haoni raha ya jambo lolote, na moyoni anajihukumu kuwa hafai kuwa mama. Huyo hakuwa na jina, na asiye na jina hapelekwi popote.

Jirani zetu Waganda walikuwa na jina. Neno lao amakiro lilitaja ugonjwa wa mzazi anayechanganyikiwa, hata akaweza kumdhuru mtoto wake. Na watu walieleza kuwa chanzo chake ni uzinzi wakati wa mimba. Hivyo jina lilibeba hukumu ndani yake, na mgonjwa alikuwa na kila sababu ya kuficha dalili zake. Daktari Mwingereza John Cox alilichunguza neno hilo Uganda katika miaka ya 1970, akaona pia kuwa wanawake wa Kiganda waliugua sonona baada ya kujifungua kama wanawake wa Uskoti. Mwaka 1987 yeye na wenzake wawili, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, walitoa dodoso la Edinburgh, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Wafasiri wazingatie jambo moja: katika maswali yote 10 jina la ugonjwa halitajwi. Mama huulizwa kama anaweza kucheka, kama anajilaumu bure, kama analia.

Kiswahili nacho kina mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni machozi ya siku za mwanzo, ambayo huwapata wazazi wengi na hukoma yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. La pili ni kile ambacho watu hukiita kichaa cha uzazi. Hutokea kwa mama mmoja au wawili katika kila 1,000, nacho chataka hospitali mara moja. Kisichanganywe na kifafa cha mimba, ambacho hutokana na shinikizo la damu. La tatu ndiyo sonona yenyewe. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Aghalabu hudumu hata baada ya arobaini, wakati wasaidizi wamekwisha kurudi makwao na hakuna amtazamaye.

Madhara yake kwa mtoto yanatuhusu sisi watu wa lugha kuliko tunavyodhani. Mtoto mchanga hujifunza kwa kujibiwa: akitabasamu hutabasamiwa, akitoa sauti husemeshwa. Mama mgonjwa hunyamaza, wala si kwa kukosa upendo. Mtoto wake aweza kunyonya vibaya, kukua polepole na kuchelewa kusema. Bibi au mama mdogo anayembeba na kumsemesha hupunguza madhara hayo. Na mama akisaidiwa kwa ushauri nasaha, na kwa dawa inapobidi, hupona.

Neno sonona halikuundwa ofisini. Tangu zamani kusononeka ni kuumia moyoni pasipo kelele, na ndiyo hali ya mgonjwa huyu. Ndugu zetu wa Kenya wengi huandika unyogovu, nasi hatuna ugomvi nao. Neno huzuni tu, hata hivyo, halitoshi, kwa kuwa kila mtu huhuzunika na huambiwa avumilie. Kwa hiyo twapendekeza sonona baada ya kujifungua liandikwe katika vitabu, fomu na mitaala. Na mwuguzi anapozungumza na mama kliniki, aanze na maneno ya kila siku: Unalala? Unacheka? Nani anakusaidia? Jina la maradhi lije baadaye, wakati mama amekwisha kujua kuwa hashitakiwi.