Madaraka Yaliyofika Nyalikungu

Nyalikungu, makao ya Wilaya ya Maswa, imo katika nchi ya Wasukuma, ambako zamani mtemi hakutawala peke yake. Kila gunguli, yaani kijiji, lilikuwa na ng'wanangwa wake, na vijana nao walikuwa na wakubwa wao, basumba batale, waliosimamia kazi za pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwaunganisha watemi wa Usukuma katika shirikisho lenye makao Malya, wakidhani wamepata chombo cha kupitishia amri za kupunguza mifugo na kuhifadhi udongo. Mwaka 1958 walitambua kuwa sivyo. Walipotaka kuweka huko Geita baraza la wilaya lenye wajumbe Waafrika, Waasia na Wazungu, wananchi walikataa, wakaandamana hadi Mwanza, na mpango huo ukaachwa.

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, zikabaki halmashauri za wilaya. Hizo hazikuwa tajiri, na gharama za shule na zahanati ziliwaelemea madiwani. Hata hivyo diwani aliyevurunda alijulikana kwa jina, na waliomchagua walijua pa kumpata.

Tarehe 1 Julai 1972 halmashauri hizo zikaondolewa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina hilo lastahili kutazamwa. Latuambia madaraka yalikwenda wapi, wala halisemi yalikwenda kwa nani. Kwa kweli yalikwenda kwa wakurugenzi wa maendeleo, watumishi wa Serikali waliopangwa mikoani na wilayani. Baraza lililobaki lilikuwa la kushauri tu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, kaya za Mkoa wa Shinyanga, ambao Maswa ilikuwa ndani yake, zilihamishiwa katika vijiji vipya. Wasukuma walizoea kujenga mbalimbali, kila mji karibu na shamba na malisho yake, na uhamisho huo uliwagusa vibaya. Geita iliwahi kusema hapana mbele ya Waingereza. Mwaka 1974 hapakuwa na halmashauri ya kuchaguliwa ambayo ingeweza kulisema neno hilo kwa niaba ya watu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mkulima wa pamba akapoteza baraza lake la pili.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ilirudisha halmashauri za wilaya, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kuwa kuziondoa kulikuwa kosa. Si viongozi wengi wakubwa waliowahi kusema hivyo wakiwa bado madarakani. Lakini kilichorudi hakikuwa kizima. Kodi ya maendeleo, iliyochukiwa sana na yenye sababu za kuchukiwa, ilifutwa mwaka 2003, na tangu hapo halmashauri zikazidi kuitegemea Hazina.

Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Simiyu, makao yake Bariadi, mji ambao zamani ulikuwa chini ya Maswa. Ofisi ya mkoa imesogea, na mwenye shida hana tena haja ya kwenda Shinyanga. Mkurugenzi wa halmashauri, hata hivyo, huteuliwa na Rais. Madiwani wanaokutana Nyalikungu huweza kumhoji kuhusu kila shilingi, kumwondoa hawawezi.