Vyuma vya Vita katika Maghala ya Ufipa

Historia ya nchi yetu haikuandikwa yote vitabuni. Sehemu yake imelala chini ya mabati yaliyoota kutu, katika maghala ya misheni, ya shule na ya idara za ujenzi, mahali ambapo hapana mtu aingiaye ila siku nafasi inapohitajika. Siku hiyo vyuma vya kale hutolewa nje, hurundikwa uani, na mnunuzi wa vyuma chakavu huitwa kabla jua halijatua. Katika rundo hilo huenda kikawamo kitu kilicho chepesi kuliko kinavyoonekana, chenye matundu ya ribiti yaliyopangwa kwa ulinganifu wa ajabu. Mwenye macho atatambua kwamba ameshika kipande cha ndege.

Tuseme jambo hili limetokea Malangali, katika mji wa Sumbawanga. (Malangali hii isichanganywe na ile ya Mufindi, yenye shule mashuhuri.) Swali la kwanza litakuwa: ndege ya kijeshi ilifikaje juu ya uwanda wa Ufipa, mbali na bahari na mbali na reli? Swali ni zuri. Majibu yanayowezekana ni zaidi ya moja, na atafutaye ukweli asikimbilie lile lenye mshindo mkubwa.

Jibu lenye mshindo ni la mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, na kubwa kuliko zote ilikuwa Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya maelfu ya masanduku na kuunganishwa Kigoma. Wabelgiji waliokuwa ng'ambo ya magharibi hawakuwa na meli ya kupambana nayo. Waingereza wakawapa ndege nne za kutua majini, za aina ya Short. Ndege hizo zilipita mdomo wa mto Kongo, zikasafirishwa kwa garimoshi na kwa mashua za mtoni hadi ziwani, na mwezi Juni 1916 zikaidondoshea mabomu bandari ya Kigoma. Mmoja wa marubani wake, Mbelgiji Aimé Behaeghe, alifariki Kongo mwishoni mwa mwaka huo huo. Mwezi huo wa Juni, upande wa kusini, Wajerumani waliihama ngome yao ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo katika pwani ya Ufipa, na Waingereza wakaingia.

Hivyo basi, Ufipa ilikuwa jirani ya vita vya angani tangu utoto wa ndege zenyewe. Je, kipande chetu ni cha vita hivyo? Hapa ndipo chuma chenyewe hakina budi kuulizwa, maana chuma husema.

Ndege za mwaka 1916 zilikuwa za mbao na kitambaa. Mbavu za mbawa zilikuwa za miti myepesi, zimevikwa kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, na kushikiliwa kwa nyaya. Katika nchi zetu vitu hivyo havikuwa na maisha marefu. Waingereza walipoleta ndege za Sopwith mwaka 1915 ili kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, joto liliyeyusha gundi na kuharibu mapanga ya mbao, na ndege hizo hazikufaa kitu. Manowari hiyo ilikuja kuangamizwa Julai mwaka huo kwa msaada wa ndege za aina nyingine, zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia na kuwaelekeza wapiga mizinga. Ndege ya 1916 ikiachwa ghalani, mchwa watakula mbao na panya watakula kitani. Kitakachobaki ni injini, nyaya, na labda vifaa vidogo vya shaba. Bati jembamba la alumini lenye safu za ribiti ni kazi ya miaka ya baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1930.

Tena zipo alama. Mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa chapa ya kichwa cha mshale. Chombo chenye taji na herufi AM kilikuwa cha Wizara ya Anga ya nchi hiyo, na wizara hiyo ilianzishwa mwaka 1918. Mwanafunzi akiiona chapa hiyo atajua papo hapo kwamba kitu hicho hakikuwapo Kigoma mwaka 1916, hata kama kijiji kizima kinaapa kwamba kilikuwapo.

Yako wapi, basi, majibu mengine? Moja liko chini ya ukingo wa uwanda wenyewe. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio makuu ya nzige wekundu, waliowahi kula mashamba ya nusu ya bara hili katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege zilijaribiwa huko kwa kuwanyunyizia nzige sumu, na mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kupambana nao, makao yake yakiwa Abercorn, yaani Mbala, ng'ambo tu ya mpaka. Wakati huo masalio ya vita yaliuzwa kila mahali. Hata mpango wa karanga wa Kongwa ulitumia matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya vita kingeweza kabisa kufika Sumbawanga katika kazi ya kumwokoa mkulima. Kwa maoni yangu hadithi hiyo si ndogo kuliko ile ya mabomu, ila haina mizinga, ndiyo maana haisimuliwi.

Kuna sababu nyingine inayofanya vipande hivi viwe adimu, nayo imo katika utamaduni wa Wafipa wenyewe. Hawa ni wahunzi wa asili. Malungu yao, matanuri marefu ya udongo yaliyompita mtu kimo, yalivuta upepo kwa matundu ya chini bila kuhitaji mivukuto. Chuma kilichotoka humo kiliyeyushwa tena katika tanuri dogo kabla ya kufuliwa kuwa jembe. Mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameyachunguza mabaki yake kwa makini, na magofu ya malungu bado yaonekana uwandani. Chuma cha kigeni kilipoanza kuingia kwa wingi wakati wa ukoloni, kuyeyusha mawe kulikoma, ufuaji haukukoma. Mhunzi alichukua chuma chochote kilichomfikia akakitia motoni. Chuma cha vita kikawa jembe, na alumini, katika karakana za mijini, ikawa sufuria. Hapana wa kumlaumu. Lakini chapa iliyoingia motoni haisomeki tena.

Wala sheria haitoshi kutulinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vilivyotengenezwa baadaye huhitaji kutangazwa rasmi na Waziri ndipo vilindwe. Injini ya ndege ya 1916, licha ya umri wake wote, haimo ndani ya ulinzi huo kwa nguvu ya tarehe pekee.

Kwa hiyo kazi inamwangukia mwalimu aliye karibu na ghala. Apime, achore, anakili kila namba na kila chapa, apige picha kabla ya kufuta kutu, kisha aiarifu Makumbusho ya Taifa. Na asiridhike na chuma peke yake. Mzee aliyekuwa na ufunguo wa ghala aamkiwe kwa heshima na aulizwe kwa utaratibu: kililetwa na nani, kwa gari au kwa vichwa vya watu, kwa njia ya Mbala, ya Tunduma au ya Kasanga? Katika vita vya kwanza mizigo mingi ilibebwa na mapagazi, na makumi ya maelfu kati yao walikufa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na jeshi lao. Chapa ya kiwandani hutaja aliyetengeneza. Aliyebeba hatajwi ila na jamaa zake.

Ile Graf von Götzen haikuokolewa kwa bahati. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi wao walizipaka mashine zake grisi nene wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba, ikipakia dagaa na abiria hadi Kasanga. Mashine zile za mvuke ziliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970, zilipotolewa na kuwekwa za dizeli mahali pake.