Ishango na mlima wa theluji: historia iliyo kando ya njia ya Kasindi

Kutoka Beni mjini hadi mpakani Kasindi ni kilometa 80 hivi. Wafanyabiashara wa Butembo huipita njia hiyo wakiwaza forodha, bei ya mafuta na usalama kwenye daraja la Semliki. Wachache hutazama kando. Lakini kando ya njia hiyo kuna mahali ambapo, kama kungekuwa na amani, wageni wa likizo wangejaa mwaka mzima.

Huko Uingereza watu hulipa tiketi kuona mawe ya Stonehenge, ambayo watu wa kale walianza kuyajenga miaka 5,000 hivi iliyopita. Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, ni pa kale kuliko hapo mara nne. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale. Alikuta vyusa vya kuvulia samaki vilivyochongwa kwa mfupa, pamoja na kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimeta 10 hivi na kijiwe kikali kwenye ncha yake. Juu yake kuna mikato 168 katika safu tatu: mbili zina mikato 60 kila moja, ya tatu ina 48. Wataalamu bado wanabishana. Wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, na wengine wanaona mikato ilisaidia tu mkono usiteleze. Kwa nini watu wa zamani walikaa Ishango, hilo mvuvi wa Kyavinyonge angelijibu bila kusoma kitabu: samaki wapo.

Mfupa wenyewe haupo Ishango. Umewekwa Brussels, katika makumbusho ya sayansi ya asili. Mtoto wa Beni akitaka kuuona, kwanza atafute visa.

Majina nayo yana habari yake. Stanley, mzaliwa wa Wales, alipita bonde la Semliki mwaka 1889, na ziwa akalipa jina la Albert Edward, mtoto wa malkia wa Uingereza. Katika miaka ya 1970 likaitwa Idi Amin, kisha likarudia Edward. Wavuvi waliendelea kutupa nyavu katika maji yaleyale. Mlima Rwenzori pia umegawanywa hivyo: kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia, kwa sababu Waitalia walikifikia mwaka 1906.

Upande wa Congo, safari ya kupanda mlima huo huanzia Mutwanga. Wakati wa Wabelgiji palikuwa na hoteli pale. Wageni walilala, asubuhi wakaondoka na wapagazi kupitia Kalonge, Mahangu na Kyondo, kambi juu ya kambi, wakiacha mashamba, wakaingia msitu wa mianzi, mwishowe wakafika kwenye barafu. Picha za zamani huonyesha zaidi wageni. Mizigo, njia na moto wa usiku vilikuwa mikononi mwa watu wa vijiji vya pale, na majina yao hayakuandikwa kwenye kilele chochote.

Hata uwanda ambao mgeni huusifu kuwa pori tupu, zamani ulikuwa na watu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Jina la Virunga lilikuja mwaka 1969. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, serikali ya kikoloni iliwaondoa wakaaji wa bonde la Semliki na kuwapandisha milimani. Kisha mipaka ya hifadhi ikafunika ardhi waliyoiacha. Kwa hiyo jamaa fulani za mtaa wa Beni zilijua kuhama kabla ya vita hivi, na madai ya mashamba yanayosikika hadi leo yana mizizi pale.

UNESCO iliiweka Virunga katika urithi wa dunia mwaka 1979, kisha mwaka 1994 ikaitia kati ya maeneo yaliyo hatarini. Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa kaskazini mwa Goma. Waliachiliwa, lakini askari wa hifadhi, mwanamke wa miaka 25, aliuawa akiwalinda. Hifadhi ilifungia watalii hadi Februari 2019. Ulimwengu ulizungumza sana juu ya likizo ile iliyoharibika. Katika mtaa wa Beni mauaji yalikuwa yanaendelea tangu Oktoba 2014, na kuanzia mwisho wa 2020 yakazidi katika sekta ya Ruwenzori, chini kabisa ya mlima huo. Familia zikakimbilia Beni, Butembo, wengine ng'ambo ya mpaka, Uganda.

Kuna watoto waliokulia katika nyumba za kupanga au kwa jamaa, hawajawahi kukanyaga njia ya Kalonge. Mlima wanaujua kwa mbali. Asubuhi, mvua ikiisha kunyesha usiku na mawingu yakifunguka, theluji huonekana kutoka Beni. Hapo wazazi hunyoosha kidole: si kuelekea kilele, bali chini kidogo, upande shamba lilipo.