Ngong: Uwanja wa Farasi Unaojibeba Wenyewe



Hapa Uvira farasi tunamjua kwa picha tu. Mtoto wa Kavimvira anajua ng'ombe na mbuzi, lakini ukimuuliza farasi atakuonyesha filamu. Basi kwa nini agronomu wa huku aandike juu ya uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi? Kwanza, juu historia ya ule uwanja ni historia ya ardhi, majani na magonjwa ya mifugo, na hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Pili, juu ya swali ambalo kila umoja wa vijana hapa kwetu unakutana nalo: kitu kisicho cha Leta wala cha ONG kinaweza kuishi miaka sabini namna gani?

Tuanze na ugonjwa. Mwezi wa tatu 1871, Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa karibu na pwani, safari ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo Stanley na Livingstone walifika huku kwetu kwa mtumbwi, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Mto wetu ukaingia katika vitabu vya Wazungu, lakini farasi hakuuona.

Haikuwa bahati mbaya ya Stanley peke yake. Mbung'o anabeba nagana, na nagana inaua farasi. Tena kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaobebwa na vimbu wadogo wanaopenda joto na unyevu. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya bahari: joto lipo, maji yapo. Mnyama aliyezoea baridi hapa hana bahati.

Sasa pandeni juu mpaka Nairobi, karibu mita 1,700. Baridi ya usiku inapunguza wadudu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika pale 1899, na mji ulikuwa bado mahema na mabati walowezi walipoanza kushindanisha farasi. Derby ya Kenya ilianza kukimbiwa 1914. Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa mashariki wa mji, jirani na mtaa unaoitwa Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps kwa mdomo wa Kiswahili, yaani jeshi la wapagazi waliobeba mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 mpaka 1918. Wazee wetu wa upande huu walibeba mizigo ya Wabelgiji katika vita hivyohivyo, mpaka Tabora 1916. Jirani na mahali ambapo wapagazi walikusanywa, wengine walikuja kuangalia farasi wakikimbia. Historia ya mbio hizi ina pande hizo mbili, na anayesimulia moja tu anakudanganya.

Uwanja wa sasa, ule wa barabara ya Ngong, ulifunguliwa 1954. Angalieni huo mwaka. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari juu ya vita vya Mau Mau. Mwezi wa nne 1954 Waingereza walizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil, wakakamata maelfu kwa maelfu ya Waafrika na kuwapeleka kambini. Mji huo huo, mwaka huo huo, wengine walikuwa wanakaa jukwaani na kofia zao, wanahesabu farasi nani ametangulia. Uwanja ulizaliwa kama mali ya wachache, hilo hatuwezi kulifunika.

Kiisha uhuru ukaja 1963. Walowezi wengi waliuza mashamba na kuondoka. Zamani Nakuru, Eldoret na Limuru pia walikuwa na mbio zao. Leo mbio rasmi za Kenya zimebaki Ngong peke yake. Kwa nini Ngong imebaki? Ninaona sababu tatu, na hakuna hata moja inayohusu kofia.

Ya kwanza ni mikono ya watu. Jina kubwa la mbio za Kenya ni Beryl Markham, mama aliyepata leseni ya kufundisha farasi akiwa msichana bado, akashinda Derby mara sita, na 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege. Lakini pembeni yake alikuwepo arap Ruta, rafiki wa utotoni huko Njoro, aliyefanya naye kazi ya farasi miaka mingi. Watu kama yeye wanaitwa masaisi: wanaamka kabla ya jua, wanalisha, wanasafisha, wanagusa mguu wa mnyama na kujua kama unauma. Walowezi walipoondoka, ujuzi haukuondoka nao kwa sababu ulikuwa tayari katika mikono hiyo. Leo wanaopanda farasi wa mashindano pale Ngong wengi ni Wakenya weusi.

Ya pili ni hesabu. Uwanja unaendeshwa na klabu, Jockey Club of Kenya, na mbio peke yake hazilishi uwanja. Farasi anakula kila siku hata kama hakimbii, na kijana wa leo anabeti mpira kwa simu, haendi uwanjani. Mwaka 2020 korona ilipofunga michezo, farasi hawakuacha kula. Basi ardhi imepewa kazi nyingi: katikati ya njia ya mbio kuna uwanja wa gofu, kuna maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance kila mwaka, kuna matamasha ya muziki. Mtu anaweza kusema hiyo ni kupoteza heshima ya uwanja. Mimi ninaita kilimo mseto: shamba la zao moja linakufa na msimu mmoja mbaya.

Ya tatu ni majani, na hapa mnivumilie, ni fani yangu. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina majani yanayoitwa kikuyu. Yanatambaa, yanashika udongo, ukiyakanyaga yanarudi. Yanaota pia katika milima ya upande wetu wa Kongo. Mwaka 1919 Australia iliingiza mbegu zake kutoka Kongo ya Wabelgiji, na leo farasi wa Sydney, katika uwanja maarufu wa Randwick, wanakimbia juu ya kikuyu. Kumbe farasi hakufika kwetu, lakini majani ya milima yetu yalimfuata mpaka ng'ambo! Na sisi tunayaita magugu.

Sasa sisi tufanye nini na habari hii? Sisemi tulete farasi Uvira. Mbu na vimbu watatucheka. Ninasema tuangalie mji wetu uliobanwa kati ya mlima na ziwa. Mwezi wa nne 2020 Mulongwe ilishuka na mawe na matope, ikabeba nyumba na watu. Miaka ileile ziwa nalo lilipanda likaingia ndani ya parseli za watu. Kila mahali palipo wazi tunaona ni parseli ya kuuza. Lakini mahali wazi penye majani ndipo maji yanapopumzika kabla ya kuingia chumbani kwako. Ni mali, sio nafasi iliyosahauliwa.

Hakuna atakayetulindia mahali kama hapo kwa maneno matupu. Nairobi inakula kila kiwanja kilicho wazi. Ngong bado iko wazi kwa sababu kuna klabu yenye kanuni, ardhi inaleta pesa kidogo kila wiki, na kuna watu wanaojua kazi yake kwa mikono. Umoja wetu una agronomu, una wanasheria, una watu wa hesabu. Kila mwaka tunaandika mradi na kungojea mfadhili. Mwaka huu tuchague kiwanja kimoja tu, tuulize hati yake iko kwa nani, tukipande majani, na tukubaliane kitaleta nini: mpira, harusi, soko la Jumamosi, malisho ya kukata.

Mbegu za kikuyu sio za kununua Sydney. Ziko juu ya Uvira, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.